Mchoro wa Bei ni Kumbukumbu, si Ramli

Mwezi uliopita alitujia ofisini kijana mmoja wa Pemba, simu yake mkononi, uso umemshuka kama mtu aliyetoka mazikoni. Alitaka mkasa wake tuuandike, ila jina lake tulifiche, kwa kuwa baba yake alikuwa bado hana habari. Fedha za mauzo ya karafuu, shilingi laki sita, alizokabidhiwa azipeleke benki, alizitia katika biashara ya fedha za kigeni ifanywayo kwa simu. Na kwa muda wa siku nne zikamalizika zote. Hakutuletea malalamiko ya kuibiwa. Alituletea swali: alikosea wapi, ilhali michoro ya bei aliisoma sawasawa kama alivyofundishwa?

Swali hili tumeona linastahili kujibiwa hadharani, kwani kijana huyo si wa peke yake. Jioni, katika baraza za mitaa ya Unguja na Pemba, na katika mabweni ya vyuo vyetu, utawakuta vijana wameinamia simu wakitazama mistari ya kijani na nyekundu ikipanda na kushuka, na kila mmoja ana neno la kusema juu ya mahali bei itakapofika kabla ya jua kuchwa. Wako wanaowacheka, na wako wanaowaonea wivu. Sisi hatutaki kufanya mojawapo. Tunataka kueleza kwa utaratibu mambo hayo ni nini, yametoka wapi, yana ukweli kiasi gani, na ni wapi yanapomtosa mtu mwenye mtaji mdogo.

BIASHARA YENYEWE

Biashara tunayoizungumza ni ile ya kununua na kuuza siku ile ile. Mwenye kuifanya hununua, tuseme, Euro kwa dola asubuhi, akaiuza adhuhuri. Au huuza kwanza akitaraji bei itashuka, kisha akanunua tena kwa bei ya chini na kubakia na tofauti. Usiku haumkuti na kitu mkononi. Vivyo hivyo hufanywa kwa dhahabu, mafuta na hisa za makampuni ya nje. Bidhaa yenyewe haioni wala haihitaji. Anachokifuata ni mwendo wa bei tu, wa saa chache au hata wa dakika chache. Suala la uhalali wa jambo hili katika dini tunawaachia masheikh wetu, ambao ndio wenye elimu nalo. Sisi tutazungumza juu ya hesabu yake.

Kwa kuwa mwendo wa bei ndio mali yake, chombo chake kikubwa ni mchoro wa bei, ambao wengi huuita chati. Wenye imani na chombo hiki husema kwamba kila habari ya ulimwengu, iwe ya vita, ya mavuno au ya mkutano wa mawaziri, hatimaye huingia ndani ya bei. Basi anayeitazama bei kwa makini hana haja ya kuzifukuzia habari zenyewe.

Ili asiyewahi kuuona mchoro huo aelewe, twende dikoni kwenye mnada wa samaki. Tuseme asubuhi mnada umefunguliwa, na nguru wa kadiri fulani anauzwa shilingi 30,000. Wanunuzi wakawa wengi, bei ikapanda hadi 38,000. Baadaye mashua nyingine zikatia nanga, bei ikaanguka hadi 26,000. Na mnada ulipofungwa, nguru wa kadiri ile ile alikuwa shilingi 28,000. Siku hiyo nzima huchorwa kwa alama moja iitwayo mshumaa. Kiwiliwili cha mshumaa huanzia bei ya kufungulia, 30,000, hadi bei ya kufungia, 28,000. Na kwa kuwa bei imefunga chini ya pale ilipoanzia, hupakwa rangi nyekundu. Lau ingalifunga juu, ungalikuwa wa kijani. Juu ya kiwiliwili hutoka utambi mrefu unaofika 38,000, na chini utambi mfupi unaofika 26,000.

Mtu ambaye hakuwapo dikoni, akiuona mshumaa huo, atajua kwamba wanunuzi walijaribu kuipandisha bei wakarudishwa nyuma. Hiyo ni habari ya kweli na yenye manufaa. Lakini sababu ya kurudishwa haimo. Mshumaa haukuandika kwamba mashua ziliingia, wala hausemi kesho zitaingia ngapi. Hapo ndipo ulipo mpaka wa elimu hii, na tunamwomba msomaji auweke mpaka huo moyoni, kwani tutaurejea.

KUTOKA OSAKA HADI NEW YORK

Elimu hii haikuzaliwa pamoja na simu. Katika Japani ya karne ya 18, kodi za mashamba na mapato ya mabwana yalihesabiwa kwa mchele. Mji wa Osaka ulikuwa na soko lililoitwa Dojima, ambalo mwaka 1730 utawala wa nchi uliliruhusu rasmi kufanya biashara ya mchele ambao bado haujafika, kwa ahadi ya bei ya baadaye. Watu walikuwa na haraka kubwa ya kuzijua bei za Dojima, hata zikawa zinapelekwa miji mingine kwa bendera zilizopepewa kutoka kilima hadi kilima.

Mfanyabiashara wa mchele wa mji wa Sakata, Homma Munehisa, aliyeishi tangu 1724 hadi 1803, alipata utajiri mkubwa, na sifa ya kuchunguza mwendo wa bei pamoja na nyoyo za wanunuzi. Mapokeo humpa yeye sifa ya kuibuni mishumaa, ingawa wako wataalamu wanaoamini kwamba ilianza kuchorwa baada ya zama zake. Mishumaa hiyo ilikaa Japani kwa muda mrefu. Ilienea katika masoko ya nchi za Magharibi baada ya Mmarekani Steve Nison kuiandikia kitabu mwaka 1991.

Kwa upande wa Marekani, mtu anayetajwa zaidi ni Charles Dow, mwandishi wa habari kama sisi, mmoja wa waanzilishi wa gazeti la Wall Street Journal la mwaka 1889, na mtungaji wa kipimo cha hisa za viwanda kilichoanza mwaka 1896 kwa makampuni 12. Watu wa visiwa hawatakosa kumpenda kwa mfano wake mmoja. Mwaka 1901 alieleza habari ya mtu aliyesimama ufukweni anayetaka kujua maji yatajaa hadi wapi. Mtu huyo huchomeka kijiti mchangani kila mahali wimbi linapofika, mpaka yaje mawimbi yasiyoweza tena kukifikia kijiti cha mwisho. Hapo akajua kwamba maji yameanza kupwa.

Kutokana na mfano huo, wafuasi wa Dow waligawa mwendo wa bei katika mafungu matatu: mkondo mkubwa wa miezi na miaka, ambao ndio maji kujaa na kupwa, mawimbi ya majuma, na viwimbi vya kila siku. Na wafuasi hao hao wakasisitiza kwamba viwimbi vya kila siku ndivyo visivyo na maana kubwa, wala haifai mtu kuvitegemea. Jambo hili linafaa kukumbukwa. Mwenye kununua na kuuza siku ile ile amechagua kuvua katika fungu lile ambalo mabingwa wa kwanza wa elimu hii waliliona la upuuzi.

JE, KUNA UKWELI NDANI YAKE?

Hatuwi wakweli tukisema kwamba michoro yote ni uzushi. Wasomaji wa chati husema kuna mahali ambapo bei ikishuka hukutana na wanunuzi wengi, ikasimama. Mahali hapo huitwa sakafu. Na kuna mahali ambapo ikipanda hukutana na wauzaji wengi, ikarudi; hapo huitwa dari. Mwaka 2000 Carol Osler, mtaalamu wa uchumi wa Benki Kuu ya Marekani mjini New York, alizichunguza sakafu na dari zilizokuwa zikitangazwa na makampuni ya biashara ya fedha za kigeni, akaona kwamba bei ilisita na kugeuka hapo mara nyingi zaidi kuliko mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu.

Sababu yake haina uchawi. Binadamu hupenda hesabu kamili. Wengi huagiza kununua au kuuza kwenye bei ile ile, na maagizo yakirundikana mahali pamoja, bei hukwama kama jahazi lililopanda fungu. Kwa hiyo mchoro unaweza kumwonyesha mtu mahali ambapo umma umejikusanya. Huo ndio ukweli wake, na si mdogo.

Lakini pana tofauti moja kati ya bei na bahari, na mvuvi yeyote wa Kizimkazi au wa Wete ataitambua mara moja. Maji yana mwezi. Bamvua haiji kwa kubahatisha. Mtoto wa pwani akihesabu siku za mwezi anajua lini maji yatakuwa makubwa na lini yatakuwa maji mafu, na hajapata kudanganywa. Bei haina mwezi. Nyuma yake wapo watu, serikali, mvua, magonjwa ya mimea na vita, na hakuna kalenda inayozipanga zamu zao. Kijiti cha Dow kilimfaa yule mtu wa ufukweni kwa sababu bahari ina desturi. Katika soko, kijiti huonyesha tu mahali ambapo wimbi la jana lilifika.

Karafuu zetu wenyewe ni shahidi. Lau mwanzoni mwa mwaka 1872 mfanyabiashara wa Unguja angalikuwa na chati ya bei ya karafuu ya miaka thelathini, asingalikiona humo kimbunga kilichovuma mwezi wa Aprili mwaka huo na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Na yapata miaka mia moja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei ilipokuwa juu, chati ingalimwonyesha mtu mlima wa kupendeza. Isingalimwonyesha mikarafuu iliyopandwa kwa wingi huko Indonesia, nchi iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za kretek. Miti ile ilipozaa, na nchi ile ikajitosheleza, bei iliporomoka, na wazee wetu waliuonja uchungu wake. Aliyetaka kuijua habari hiyo mapema alilazimika kuuliza hali ya mashamba ya Indonesia, kwani katika mstari wa bei haikuwamo.

Mfano wa pili ni wa miaka ya karibuni, na unahusu biashara ile ile aliyoifanya kijana wetu. Tarehe 6 Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba haitakubali Euro moja ishuke chini ya faranga 1.20. Kwa zaidi ya miaka mitatu sakafu ile ilisimama, na kila mwenye chati aliiona imenyooka kama ukuta. Wengi wakanunua Euro karibu na hapo, wakiamini kwamba hakuna pa kuangukia. Asubuhi ya tarehe 15 Januari 2015 benki ile ile ikaiondoa sakafu bila ya kutoa ilani, na kwa dakika chache thamani ya faranga ikaruka kwa kiasi cha asilimia 30. Waliokuwa wameweka agizo la kuuziwa wakifika hasara ndogo hawakupata mnunuzi njiani. Agizo lilitimizwa mbali sana chini. Wako waliojikuta wanadaiwa zaidi ya walichokuwa nacho, na hata dalali mmoja mkubwa wa mjini London alifilisika.

HESABU YA LAKI SITA

Sasa turejee kwa kijana wetu na swali lake. Tulimwomba atufungulie orodha ya biashara zake zote, tukakaa naye tukazihesabu moja moja. Zilikuwa arubaini kwa siku nne, yaani kumi kwa siku. Katika hizo, nusu alikisia sawa na nusu alikosea, na faida za makisio yake zilikaribia kulingana na hasara. Basi fedha zilikwenda wapi?

Dalali wa biashara hii humkopesha mteja nguvu ya kununua kuliko mtaji wake. Dalali wa kijana huyu aliruhusu hadi mara 500. Yeye, akijiona ni mtu wa tahadhari, alitumia mara 100. Kwa hiyo laki sita zake zilibeba biashara ya shilingi milioni 60. Hapo kila kitu huhesabiwa kwa milioni 60, faida na hasara, na gharama vilevile.

Gharama yenyewe haionekani kwa macho. Dalali huuza kwa bei moja na kununua kwa bei iliyo chini kidogo, na pengo hilo ndilo pato lake. Kwa kijana wetu pengo lilikuwa sehemu mbili tu katika elfu kumi, kitu ambacho mtu hawezi hata kukisikia. Lakini sehemu mbili katika elfu kumi za milioni 60 ni shilingi 12,000. Kila alipofungua na kufunga biashara moja, alilipa shilingi 12,000. Kwa biashara kumi ni 120,000 kila siku. Kwa siku nne ni 480,000. Makisio yake yalikuwa nusu kwa nusu, na gharama peke yake ikala laki nne na elfu themanini katika laki sita zake.

Zilizobakia ni laki moja na ishirini. Siku ya nne, akiwa amechoka na ana hofu ya baba yake, alinunua mara ya mwisho, na bei ilipoanza kushuka alikataa kukubali hasara, akingoja igeuke. Ili kuzifuta laki moja na ishirini kwa mzigo wa milioni 60, bei inahitaji kusogea sehemu mbili katika elfu moja. Mwendo kama huo katika soko la Euro na dola ni wa kawaida mno, na huweza kutokea wakati mtu anakunywa kahawa.

Hilo ndilo jibu la swali lake. Mchoro hakuusoma vibaya. Kosa lilikuwa katika mambo matatu ambayo mchoro hauyaonyeshi: ukubwa wa mzigo alioubeba, wingi wa safari alizozifanya, na kutokuwa na mahali alipokwisha kuamua, kabla ya kuanza, kwamba hapa nitakubali nimeshindwa.

WENGINE WALIVYOKUWA

Asije mtu akasema kwamba huyo ni mmoja tu asiye na bahati. Wataalamu watatu wa Brazil, Fernando Chague, Rodrigo De-Losso na Bruno Giovannetti, waliwachunguza watu walioanza biashara ya siku ile ile katika soko moja la nchi yao kati ya mwaka 2013 na 2015. Katika wale waliodumu kwa zaidi ya siku 300 za biashara, asilimia 97 walipata hasara, na waliopata zaidi ya kima cha chini cha mshahara wa nchi ile walikuwa asilimia 1.1. Huko Taiwan, uchunguzi wa biashara za miaka 15, tangu 1992 hadi 2006, ulionyesha kwamba wenye uwezo wa kupata faida kwa mfululizo baada ya gharama hawakufika mmoja katika mia. Na mwaka 2018 mamlaka inayosimamia masoko ya Ulaya ilieleza kwamba akaunti 74 hadi 89 katika kila mia za wateja wadogo katika biashara za namna hii huishia na hasara. Ikapiga marufuku kumkopesha mteja mdogo zaidi ya mara 30, hata kwa fedha zile kubwa za dunia. Ulaya tajiri imeona mara 30 ni kikomo, na kijana wa Pemba anapewa mara 500.

Hata mabingwa hawakusalimika. Jesse Livermore wa Marekani alianza akiwa mtoto, akicheza na bei katika vibanda ambamo hakuna aliyenunua hisa ya kweli na mwenye kibanda ndiye aliyekuwa mpinzani wa mteja. Alikuwa na kipaji kisicho cha kawaida cha kuusoma mwendo wa bei, na katika anguko la mwaka 1929 inasemekana alipata dola zipatazo milioni 100. Mwaka 1934 alitangazwa muflisi, na mwaka 1940 alijiua. Ikiwa msomaji mkubwa wa bei wa zama zake alishindwa kuilinda mali yake dhidi ya pupa yake mwenyewe, ni nani sisi tunaojifunza kwa majuma mawili?

MCHORO UTUMIWE VIPI?

Kwa anayesisitiza kuingia, yako mambo ambayo wenye busara wa biashara hii wanakubaliana. Aingie kwa fedha zake mwenyewe ambazo zikipotea nyumba haitalala njaa. Aamue mahali pa kukata hasara kabla ya kununua, kwani akishanunua moyo humsaliti. Hasara ya safari moja isizidi sehemu moja au mbili katika mia za mtaji wake. Sababu ni kwamba aliyepoteza kumi katika mia anahitaji faida ya kumi na moja ili arudi alipokuwa, lakini aliyepoteza nusu anahitaji kuiongeza mara mbili ile iliyobaki. Apunguze safari, kwa kuwa kila safari ina ushuru wake. Na aandike kila alichokifanya na sababu yake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hatujui biashara nyingine ambayo methali hiyo inaifaa zaidi.

Ajihadhari vilevile na mtu anayemwambia, "Nipe fedha zako nikufanyie," au anayeuza mafunzo na ubashiri wa kila siku. Lau mtu huyo angaliijua bei ya kesho, asingalikuwa na haja ya ada ya mwanafunzi.

Hata hivyo, tunaona michoro ya bei ina kazi nyingine, iliyo bora zaidi kwa Visiwa vyetu, ambayo haijatumika vya kutosha. Mkulima wa mwani, na wengi wao ni akina mama wanaosimama majini tangu alfajiri, anauza kwa bei anayoambiwa siku ile, hajui mwaka jana mwezi kama huu ilikuwaje wala inaelekea wapi. Mvuvi hajui wastani wa bei ya mwezi katika madiko mengine. Chati ya miaka mitano iliyobandikwa ukutani katika kituo cha ununuzi ingalimsaidia mama yule kuuliza maswali na kupanga msimu wake. Hapo mchoro ungetumiwa kama kumbukumbu, bila ya mkopo wa mara mia na bila ya haraka ya kabla ya jua kuchwa.

WAJIBU WA SERIKALI

Kwa waheshimiwa viongozi tuna maombi manne. Kwanza, Benki Kuu ya Tanzania na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana zitangaze mara kwa mara, kwa Kiswahili chepesi na hadi vijijini, ni dalali gani wenye leseni na ni yupi asiyekuwa nayo. Jirani zetu wa Kenya walitunga kanuni za biashara ya fedha za kigeni kwa mtandao mwaka 2017 na kuanza kutoa leseni mwaka uliofuata. Uzoefu wao, mzuri na mbaya, haufai kupuuzwa. Pili, dalali yeyote anayetangaza biashara hii kwa wananchi alazimishwe kueleza katika tangazo lake ni wateja wangapi katika mia wanaopata hasara, kama inavyofanywa Ulaya, na mikopo ya mara mia tano ipigwe marufuku. Tatu, skuli zetu zifundishe kusoma mchoro wa bei katika somo la hesabu, kwa mifano ya karafuu, mwani na samaki, ili mtoto akikutana na mishumaa barazani asiione ni muujiza. Nne, idara za kilimo na uvuvi zibandike chati za bei katika vituo na madiko, kwa maandishi makubwa.

Tunajua wako watakaosema kwamba vijana wana haki ya kujaribu bahati yao, na kwamba ukosefu wa kazi ndio unaowasukuma. Hoja hiyo hatuipuuzi. Kijana aliyemaliza skuli na kukaa barazani miaka mitatu hawezi kuambiwa asubiri tu. Lakini kumwacha atafute riziki mahali ambapo tisini na saba katika mia huondoka mikono mitupu si kumpa haki; ni kumwachia dalali.

Kijana wetu aliondoka ofisini jioni ile kuwahi boti ya kesho yake. Tulimshauri amweleze baba yake yeye mwenyewe kabla ya watu kumtangulia, na ile hesabu tuliyoiandika pamoja amwonyeshe. Laki sita zile zilikuwa kazi ya msimu mzima: kupanda juu ya mikarafuu, kuchuma, kuchambua usiku, kuanika, na kuzikimbiza jamvini kila wingu lilipotanda. Mzee aliyefanya kazi hiyo anastahili kuambiwa ukweli, na kijana aliyepoteza anastahili kufundishwa kabla ya kulaumiwa. Nasi tuliobaki, wazazi, walimu na viongozi, usitupite msimu mwingine wa karafuu kabla hatujatimiza sehemu yetu.